Kitanda kimoja, wakubwa wawili: nani anaongoza hospitali ya kufundishia?

Mgonjwa wako amepewa rufaa kutoka Bagamoyo kwenda Tumbi, Kibaha, na kutoka hapo akapelekwa Mloganzila au Muhimbili. Asubuhi kundi la watu wenye makoti meupe linazunguka kitanda chake. Mmoja anauliza maswali, wengine wanaandika. Unajiuliza: daktari wetu hapa ni yupi?

Hiyo ni hospitali ya kufundishia, na ndani yake zinafanya kazi taasisi mbili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina vitanda, wauguzi na dawa, nayo iko chini ya Wizara ya Afya. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yaani MUHAS, kina wanafunzi na wahadhiri, nacho kiko chini ya Wizara ya Elimu. Hospitali ina mkurugenzi mtendaji, chuo kina makamu mkuu wa chuo. Lakini wodini kazi zinaingiliana: mhadhiri wa chuo anatibu wagonjwa, na bingwa wa hospitali anafundisha.

Je, nani awe mkubwa? Tanzania imejaribu njia zaidi ya moja. Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1976 kitivo cha udaktari na hospitali viliunganishwa vikawa Kituo cha Tiba Muhimbili, chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 ikatungwa sheria ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, na hospitali ikasimama peke yake. Chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Mloganzila ni mfano wa karibu zaidi. Ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini iwe hospitali ya chuo, na Rais John Magufuli akaizindua Novemba 2017. Oktoba 2018 uendeshaji wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wanafunzi waliendelea kujifunza pale.

Kila njia ina uzuri na ugumu wake. Uongozi ukiwa mmoja, uamuzi ni mmoja, ila mafunzo na matibabu hugombea fungu lile lile la fedha. Uongozi ukiwa wa pande mbili, kila upande unasimamia kazi yake, ila lazima wakubaliane: wodi moja ipokee wanafunzi wangapi? Glavu wanazotumia anunue nani? Bingwa anayetakiwa darasani na kliniki saa ile ile aende wapi? Wasipokubaliana, anayesubiri ni mgonjwa. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi na vikao vya mara kwa mara vya viongozi vina uzito kuliko cheo cha mtu.

Kwako wewe unayeuguza, shika mambo matatu. Kwanza, uliza jina la daktari bingwa anayesimamia matibabu. Mwanafunzi hafanyi uamuzi peke yake. Pili, mgonjwa anaweza kuuliza anayempima ni nani, na anaweza kukataa kupimwa na mwanafunzi bila kunyimwa matibabu. Tatu, ukiwa na malalamiko, anza na muuguzi kiongozi wa wodi, kisha uongozi wa hospitali, hata kama aliyekuudhi ni wa chuo. Mgonjwa amelazwa na hospitali, na hospitali ndiyo inayopaswa kukujibu.