Kamina: Kusimama kwa kupenda na kusimama kwa kukwama

KAMINA, Haut-Lomami – Katika mji wa Kuşadası, pwani ya magharibi ya Uturuki, meli kubwa ya watalii hufunga kamba asubuhi. Wageni wanashuka kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake aliyeinua kibendera, wanapanda mabasi kwenda kuona magofu ya Ephesus, umbali wa karibu kilomita 20. Mchana wamerudi, na hapo ratiba inaishia. Kinachobaki ni kutembea polepole kando ya bahari hadi Güvercinada, kisiwa kidogo chenye ngome ya zamani kilichounganishwa na nchi kavu kwa njia ya mawe, kisha kukaa kivulini, kunywa chai ndani ya vigilasi vyenye kiuno chembamba, na kutazama watu wakipita. Jioni meli inapiga honi. Kila abiria alijua tangu asubuhi itapiga saa ngapi.

Wakongomani wengi wanaokwenda Uturuki hawafiki huko. Wanaishia Istanbul, kartie ya Laleli, wanaruka kutoka duka hadi duka wakinunua nguo na viatu vya kuja kuuza nyumbani, na usiku wa mwisho wanapigana na mizani ya mizigo. Hiyo si safari ya mapumziko, ni kazi. Lakini nusu siku ile ya Kuşadası, isiyo na chochote cha kufanya, ndiyo imeifanya Uturuki kuwa nchi inayopokea wageni zaidi ya milioni 50 kwa mwaka. Watu wanalipa pesa nyingi ili wapewe ruhusa ya kukaa tu.

Je, kundi la watu likitoka hapa Kamina, likitaka nusu siku kama ile, liende wapi?

Ramani inajibu bila kusita. Kamina ni njia panda ya reli. Mstari mmoja unakuja kutoka Lubumbashi, karibu kilomita 600, kupitia Likasi, Tenke na Bukama. Mwingine unakwenda Kananga na Ilebo. Wa tatu unakata upande wa kaskazini-mashariki, unapita Kabongo, unafika Kabalo kwenye mto Lualaba, halafu unapanda bonde la Lukuga kupitia Nyunzu na Niemba hadi Kalemie. Huko reli inagonga maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470. Mtu akisimama ufukweni Kalemie haoni ng'ambo, na mawimbi yanapiga mchanga kama baharini. Sisi tunaosema hatuna bahari tunasahau kwamba Mungu alitupa kitu kinachofanana nayo sana, na tena maji yake hayana chumvi.

Njia hiyo ina historia ambayo mji wowote wa watalii ungeiuza kwa furaha. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza. Mwaka huohuo Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, kisha zikavutwa porini kwa mashini za mvuke na kwa ng'ombe, zikapakiwa tena kwenye reli hadi Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na mwisho zikapanda treni ya kwenda ziwani kupigana na Wajerumani. Moja ya meli za Wajerumani wa wakati ule, Graf von Götzen, walioizamisha wenyewe karibu na Kigoma, iliinuliwa baadaye ikapewa jina la Liemba na kubeba abiria ziwani kwa miaka mingi.

Kwa muda mrefu mtu wa Katanga aliyetaka kwenda ziwani alifuata njia hiyohiyo ya Bukama: treni, halafu meli ya mtoni, halafu treni tena. Mwaka 1956 tu ndipo kipande cha Kamina hadi Kabalo kilipofunguliwa. Reli ya upande wa ziwa ilikuwa nyembamba kuliko ya BCK, ikabidi ipanuliwe kwanza ili vagoni zipite bila kupakua. Tangu siku hiyo, Kamina ikawa mlango wa ziwa.

Na tangu siku hiyo Kamina inajua kupokea watu wanaosimama. Tatizo ni namna wanavyosimama.

Msafiri anayebadilisha treni hapa hakuja kupumzika. Anangoja. Anauliza kama injini imetoka Lubumbashi, anaambiwa iko njiani. Anauliza kesho, anapewa jibu lilelile. Mikeka inatandikwa, watoto wanaoshwa kwa ndoo, majiko ya makaa yanawashwa, na baada ya siku mbili watu wasiojuana wanakula bukari na sombe kwenye sahani moja. Ukipita jioni bila kujua, unaweza kudhani ni sikukuu ya familia. Watu wanacheka, mtu ana redio, mwingine anasuka nywele za mwenzake. Lakini waulize kama wanafurahia. Pesa ya njiani inaisha, samaki wa kuuza wanaharibika, na msiba waliokuwa wanakwenda kuhudhuria umekwisha kuzikwa bila wao.

Kwa macho ya mbali, abiria wa Kamina na mtalii wa Kuşadası wanafanya jambo moja: wamekaa kivulini, hawana kazi, wanatazama wengine. Tofauti ni saa ya kuondoka. Mmoja anaijua, mwingine haijui, na kwa sababu hiyo tu mmoja anaitwa mgeni na mwingine anaitwa aliyekwama.

Ndiyo maana mazungumzo ya utalii katika jimbo letu, kila yanapofufuka, yanaanzia mahali pasipofaa. Tunaambiwa habari za hoteli, za ufukwe, za kutangaza uzuri wa nchi. Uzuri upo. Kinachokosekana ni treni yenye siku na saa, inayofika ikiwa nzima.

Maana hili la kufika si maneno ya mapambo. Tarehe 22 Aprili 2014 treni ya mizigo iliyokuwa imebeba watu juu yake ilianguka Katongola, si mbali na Kamina, na zaidi ya watu 60 wakafa. Septemba 2019 nyingine ilianguka Mayibaridi, jimbo la Tanganyika, kwenye mstari huohuo wa kwenda ziwani. Serikali ilitaja kwanza wafu 50. Machi 2022 ikawa zamu ya Buyofwe, upande wa Lubudi, treni iliyotoka Luen kuelekea Tenke: wafu 75. Mara zote hadithi ni moja. Treni ni ya mizigo, lakini abiria wamejaa juu na kati ya vagoni, kwa sababu ya abiria haipo, au haijulikani itakuja lini. Mtu hapandi juu ya vagoni kwa kupenda hatari. Amechoka kungoja.

Yako mengine ya kusema juu ya mstari huo wa Kalemie. Mgogoro wa Watwa na Waluba, ulioanza mwaka 2013 na kuwaka tena 2016, ulifukuza watu wengi sana katika vijiji vya Nyunzu, Manono na Kalemie. Na ziwa lenyewe lina hasira zake: mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia ndani ya nyumba na barabara za chini za Kalemie. Anayepanga kujenga hoteli mchangani, hatua kumi kutoka majini, aulize kwanza wenyeji maji yalifika wapi.

Kuna watakaosema watalii wa reli tayari wako Kongo. Ni kweli, na ni mfano mzuri. Tangu Julai 2019 kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini imepitisha treni yake ya kifahari kutoka Dar es Salaam hadi Lobito, Angola, kutoka bahari hadi bahari, safari ya wiki mbili. Haizidi abiria 72. Inapita Zambia, inaingia kwetu, inatembeza wageni Lubumbashi, halafu inakata magharibi kupitia Kolwezi na Dilolo. Tenke ndipo mahali reli zinapoachana: mkono wa kushoto Kolwezi na Lobito, mkono wa kulia Bukama na Kamina. Treni ya wazungu inashika kushoto. Fedha za ule mpango mkubwa wa Lobito, zinazosemwa kila siku kwenye redio, nazo zinashika kushoto, kwa sababu shaba na kobalti ziko huko. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini tusidanganyike kwamba siku moja mgeni tajiri atakuja na kutengenezewa njia ambayo mwalimu wa Kabongo ameikosa kwa miaka yote hii. Njia ikitengenezwa kwa ajili ya mwalimu, mgeni ataipata imekwisha kutengenezwa.

Tena makundi ya kusafiri tunayo. Hatuyaiti watalii, basi. Ni kwaya. Kamina ni mji wa makanisa. Wametodisti wana hapa makao ya eneo lao la Katanga ya kaskazini, Wakatoliki wana jimbo lao, na wengine hawahesabiki. Kila kiangazi, Julai na Agosti, shule zikiwa vakansi, kuna kwaya inayotaka kwenda kuimba mahali, wamama wa kanisa wanaotaka kutembelea wenzao, timu ya mpira iliyoalikwa. Watu 30 au 40, sare imeshonwa, michango imekusanywa kwa miezi, mweka hazina ana daftari lenye jina la kila mmoja. Hicho ndicho kile kibendera cha kiongozi wa Kuşadası. Kwaya ya namna hiyo ingefika Kalemie Ijumaa, ingeimba Jumapili, na siku ya Jumamosi isingekuwa na ratiba yoyote: kutembea kando ya ziwa, kununua ndagala wabichi kwa wavuvi wanaorudi alfajiri, kula kuhe wa kuchoma, kuoga pale wenyeji wanapooga (mamba wapo, na mwenyeji ndiye anayejua), na kwenda kuona pale Lukuga inapoanza. Huo ndio mlango pekee ambao maji ya ziwa yanatokea, kuelekea Lualaba na mwisho baharini.

Na kama Kalemie bado ni mbali, kuna jirani. Kusini ya Kamina, kwenye mstari wa Lubumbashi, treni inavuka Lualaba Bukama, na kutoka hapo mashua zinateremka hadi maziwa ya Upemba na Kisale. Kwenye Kisale kuna watu wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea, vilivyoshikana kwa mizizi ya mafunjo, wakivua samaki na kuwakausha hapohapo. Kando ya ziwa hilo, mahali paitwapo Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vya ufundi wa hali ya juu, mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba, kazi ya watu walioishi hapo miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, kabla ufalme wa Waluba haujajulikana kwa jina hilo. Wageni wa Kuşadası wanapelekwa Ephesus asubuhi ili mchana wakae na moyo mweupe. Asubuhi yetu iko Sanga. Mtoto wa Haut-Lomami anayemaliza masomo ya sekondari anaweza kukutajia piramidi za Misri, lakini Sanga hajaisikia.

Upande wa Kivu walikuwa wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Hifadhi ya Virunga iliweka kambi ya mahema kwenye kisiwa cha Tchegera, ndani ya ziwa Kivu, na wageni waliotoka kupanda volkano Nyiragongo walipelekwa huko kupumzika siku moja au mbili kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa nusu siku ileile ya Kuşadası, katika nchi yetu. Vita vilikata mambo hayo, na Goma iliposhikwa na M23 Januari 2025, hata mwenye kuota alinyamaza. Haut-Lomami haina vita vya namna hiyo. Haina volkano pia, lakini hilo hatulililii.

Kwa sasa, anayejua habari za treni kuliko wote ni mama anayeuza chakula karibu na kituo. Hangoji tangazo. Anatazama kama wafanyakazi wa reli wamevaa buti, anauliza aliyepigiwa simu kutoka Bukama, halafu anapima unga. Akipika sufuria ndogo, treni ya leo haiji. Akiweka ile kubwa motoni, funga mizigo yako, mwite na mtoto, kwa maana huenda usiku huu mkaondoka.