Kampuni Tallinn, Mwenyewe Mwenge

Dola 500 zinatosha leo kumfanya kijana wa Mwenge, Dar es Salaam, awe na kampuni ya Kimarekani bila kuvuka hata Ubungo. Anaingia katika huduma ya Stripe Atlas, anajaza jina, analipa kwa kadi, na baada ya siku chache anapokea hati kutoka jimbo la Delaware. Hati hiyo hupigwa picha ikarushwa WhatsApp, pongezi zikamiminika. Mwaka unaofuata huwa hauna picha.

Swali la vijana wenye kampuni changa ni lile lile kila wanapokutana: nchi gani ni nafuu kuanzia? Ndani ya swali hilo yamekaa mawili. Kuna kusajili kampuni ugenini huku wewe umebaki nyumbani, na kuna kufunga begi ukahamia. Gharama zake hazifanani hata kidogo, lakini matangazo ya mtandaoni huyachanganya makusudi.

Tuanze na Delaware, maana ndiko kunakosajiliwa sana. Kampuni ya aina ya LLC hulipa jimbo dola 300 kila mwaka, mwisho tarehe 1 Juni, iwe imeuza au haijauza. Hizo ni ndogo. LLC inayomilikiwa na mtu mmoja asiye Mmarekani hutakiwa pia kupeleka fomu namba 5472 kwa mamlaka ya mapato ya Marekani, hata kama haina kodi ya kulipa, mradi tu kuna fedha zilizopita kati yake na mwenyewe. Mtaji uliouweka siku ya kwanza nao unahesabika. Asiyepeleka, adhabu yake ni dola 25,000. Kwa fedha hizo unaweza kuendesha ofisi ndogo Sinza kwa muda mrefu sana.

Mbona basi watu wanaikimbilia? Kwa sababu ya wawekezaji. Delaware ina mahakama yake ya mambo ya kampuni ambako kesi huamuliwa na majaji wasio na baraza la wazee wa mahakama, na mawakili wa Marekani wanaijua sheria yake kama kiganja cha mkono. Mwekezaji wa California hataki kujifunza sheria ya kampuni ya Tanzania ili akupe dola laki moja. NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipita katika programu ya kukuza kampuni changa ya Y Combinator mwaka 2019, na mwaka 2024 ikakusanya dola milioni 40. Wateja wake wanatuma fedha kutoka Uingereza, Marekani na Ulaya kuja Afrika Mashariki. Kwa kampuni ya namna hiyo makaratasi ya ugenini ni kitendea kazi. Kwa anayewauzia wauza duka wa Tandika programu ya kutunza hesabu, ni pambo la ukutani.

Wengine wanavutwa na Estonia, na hapa pana hadithi nzuri. Nchi hiyo ya watu kama milioni 1.3 ilianzisha ukaazi wa kidijitali Desemba 2014. Mgeni anaomba, anachunguzwa, anapewa kadi yenye kipande cha kielektroniki, na kwa kadi hiyo anasaini nyaraka na kusajili kampuni ya Kiestonia popote alipo. Ada ya serikali ya kusajili ni euro 265. Faida ikibaki ndani ya kampuni haitozwi kodi. Ukiitoa kama gawio ndipo unalipa, na tangu Januari 2025 kiwango ni asilimia 22. Zaidi ya watu 100,000 wamejiunga.

Sasa shuka kwenye utekelezaji. Kadi haiji kwa posta hadi mlangoni. Unaifuata mwenyewe mahali palipopangwa, unatoa alama za vidole. Nauli ya kuifuata inaweza kuzidi ada ya kusajili. Ukiwa na bodi inayokaa nje ya Estonia, lazima umlipe kila mwaka mtu wa mawasiliano aliye ndani ya nchi. Taarifa ya mwaka ni lazima. Na kadi hiyo si viza: haikuruhusu kuingia Tallinn hata kwa siku mbili.

Kisha benki. Tawi la Danske Bank nchini Estonia lilipitisha fedha za kutiliwa shaka za takribani euro bilioni 200 kati ya 2007 na 2015, na kashfa hiyo ilipolipuka benki za huko zikawa kama mtu aliyeng'atwa na nyoka. Mgeni asiye na mteja, mfanyakazi wala ofisi Estonia hupata shida kufunguliwa akaunti, na wengi huishia kwenye kampuni za fedha za mtandaoni. Kampuni isiyo na akaunti ni jina tu.

Nikitaja Estonia huwa namkumbuka Markus Villig. Mwaka 2013, akiwa na miaka 19, aliwakopa wazazi wake euro 5,000 akaanzisha huduma ya kuita teksi Tallinn. Alikuwa akiwafuata madereva mwenyewe mitaani kuwashawishi wajiunge. Huduma hiyo iliitwa Taxify, na tangu 2019 inaitwa Bolt. Ndiyo unayoitumia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Villig alianzia Tallinn kwa kuwa ndiko kwao. Unafuu wake ulikuwa huo. Huo hauuzwi kwenye tovuti ya serikali yoyote.

Kuna jambo ambalo mawakala wa usajili hawalisemi kabisa. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, kampuni huhesabiwa kuwa mkaazi wa Tanzania ikiwa imesajiliwa hapa, au ikiwa uongozi na usimamizi wa mambo yake umefanyika hapa wakati wowote ndani ya mwaka. Sheria ya Kenya nayo inaangalia mahali inapoongozwa. Kwa hiyo kampuni yako ya Tallinn unayoiongoza ukiwa umekaa Mwenge na kompyuta mpakato, TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wana haki ya kuiona ni yao, kwa asilimia 30 ile ile uliyodhani umeikimbia.

Sasa wale wa kufunga begi. Hapa ada ya usajili haina uzito. Kinachohesabiwa ni miezi. Tuseme mko wawili na mna dola 12,000. Mkitumia dola 1,000 kwa mwezi mna mwaka mzima wa kukosea na kusahihisha. Mkitumia 3,000 mna miezi minne, na miezi minne hutosha tu kujua mlikosea wapi. Pigeni hesabu hiyo kwa kodi halisi ya chumba, nauli, bando na chakula cha mji mnaoutaka, kabla hamjaangalia kitu kingine chochote.

Dubai inaporomoka mapema katika hesabu hiyo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua vizuri, na kwa kununua bidhaa haina mpinzani. Lakini kuishi huko ukisubiri mteja wa kwanza ni jambo jingine, na tangu Juni 2023 kuna kodi ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. Katika falme jirani za Ras Al Khaimah na Sharjah leseni ni nafuu zaidi. Kodi ya nyumba bado itakukumbusha uko wapi.

Chile ilijaribu kuwalipa watu waje. Kuanzia 2010, programu ya Start-Up Chile iliwapa wageni dola 40,000 bila kuchukua hisa, pamoja na viza. Walikuja kutoka kila pembe ya dunia, na fedha zilipokwisha wengi waliondoka. Nchi ya nafuu isiyo na soko lako ni kituo cha basi.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, jibu langu ni Kigali, nalo lina masharti. Kampuni unaisajili mtandaoni kupitia Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, bila ada, na cheti hutoka ndani ya saa chache. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inakupa haki ya kuanzisha biashara huko, ingawa kibali bado unakiomba. Basi likikushusha kituo cha Nyabugogo, dereva wa pikipiki anakupa kofia ngumu kabla hujataja unakokwenda, na ukifika unamlipa kwa simu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Katika majengo ya iliyokuwa shule ya Wabelgiji, taasisi ya Kiswidi ya Norrsken imefungua jumba la kampuni changa ambako utakutana na Mkenya, Mkongo na Mswidi kwenye foleni moja ya kahawa.

Zipline, kampuni ya Kimarekani, ilianza kurusha droni za kupeleka damu hospitalini Oktoba 2016 kutoka Muhanga, Rwanda. Ilipata serikali iliyoamua haraka, na baadaye ikaenda Ghana. Hivyo ndivyo Rwanda inavyofaa kutumiwa: mahali pa kujaribia kitu ambacho kwingine kingesubiri saini tisa.

Masharti ni haya. Sensa ya 2022 iliwakuta Wanyarwanda milioni 13.2, na Watanzania milioni 61.7. Kodi ya faida ni asilimia 28, risiti za kielektroniki hazina msamaha, na ipatanti, yaani kodi ya leseni ya biashara ya wilaya, hulipwa kila mwaka. Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda hupita bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo mashine uliyoagiza China itapita karibu na kwenu kwanza, kisha itapanda hadi Rusumo kwa gharama yako. Mwenye bidhaa nzito abaki pwani. Mwenye programu ya simu, au huduma inayohitaji kibali kipya kisicho na mfano, aende akajaribu mwaka mmoja.

Na kama hakuna mwekezaji aliyekuandikia kwamba atatoa fedha mradi uwe na kampuni ya Delaware, usiisajili. Aliyekwisha kuisajili na kuitelekeza ajue kuwa deni lake halifi kwa kusahauliwa. Deni la dola 300 linaongezeka kila Juni pamoja na faini na riba, na kuifunga kunahitaji kulipa lote kwanza.