Saa Janja Inajua Ulilala Masaa Mangapi. Mdosi Wako Naye Anafaa Kujua?

Umetoka shifti ya usiku pale JKIA, umeingia mat ya kuelekea tao, ukidoz kidogo tu unashtuka umepitishwa steji. Unacheka, unarudi na miguu. Sasa fikiria mwenye amedoz ni msee ako kwa mnara wa kuongoza ndege, na kuna ndege mbili hewani zinamuita.

Hii si stori ya jaba. Machi 2011, uwanja wa Reagan, Washington, ndege mbili za abiria zilitua usiku bila mtu wa mnara kuzijibu redio. Mwongozaji alikuwa peke yake, shifti ya nne ya usiku mfululizo, na usingizi ukambeba. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mwaka mmoja kabla, Mangalore, India, bahati haikuwa. Ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipita mwisho wa barabara ya kutua, watu 158 wakafa. Rekodi ya sauti ya chumba cha marubani ilikuwa na nahodha akikoroma. Aliamka kabla ya kutua, lakini akili ilikuwa bado haijaamka.

Shida ni kwamba mwili una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi unataka kulala, hata kama ulilala mchana. Mwaka wa 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba ukikaa macho masaa 17, unafanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwa damu. Tofauti ni kwamba keroro ina alcoblow. Usingizi hauna.

Hapo ndio saa janja inaingia. Ndani yake kuna kifaa kinachosikia mkono ukisonga. Mkono ukitulia muda mrefu, inahesabu umelala. Ile taa ya kijani hapo chini inasoma damu ikipita, ndio ijue moyo unapiga aje. Ukiweka hizo namba pamoja na rosta, programu ya kompyuta inaweza kukadiria ni saa ngapi msee ataanza kuchoka. Tangu 2011, sheria za shirika la usafiri wa anga duniani, ICAO, zinaruhusu kampuni za ndege kuendesha mfumo wa kudhibiti uchovu kwa kutumia data kama hizi, badala ya kuhesabu masaa ya kazi peke yake.

Lakini usiiamini kama nabii. Ukilala umetulia tuli, macho wazi, ukiwaza rent, inaweza kuandika umelala. Jumla ya masaa huwa iko karibu na ukweli. Zile za "usingizi mzito" na "ndoto" ni makadirio tu.

Kazini iko hivi. Binamu yangu hupakia mizigo kwa ndege. Alikuwa anaapa analala masaa sita kila mchana. Akanunua saa, ikamwonyesha manne na nusu. Kumbe fundi wa grili wa chini ya ploti, watoto na simu vilikuwa vinamkula moja na nusu. Akanunua pazia nzito, simu akaiacha kwa meza, akaanza kulala kidogo jioni kabla ya kutoka. Akaongeza karibu saa nzima. Kilichobaki ni rosta, juu kuna siku anatoka usiku na kurudishwa mchana huo huo. Hiyo hakuna pazia ya kuizuia.

Sasa uliza: mdosi akisema kila mtu avae saa, nani ataona hizo namba? Kama ukiwa na usiku mbaya unarudishwa nyumbani bila doo, wasee watavisha saa watoto wao walale nazo. Data itakuwa safi na uwanja utakuwa umejaa watu wamechoka.

Kwa hivyo kabla uvae, pata majibu. Data inakaa wapi, kwa muda gani, na inaweza kutumika kukupa barua ya onyo? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya yako kama data nyeti, kwa hivyo una haki ya kuuliza. Mpango mzuri ni huu: namba zako ubaki nazo wewe, kampuni ione picha ya timu nzima bila majina, halafu ibadilishe shifti zenye kila mtu anachoka.

Kama tayari unavaa yako, wachana na alama za kila asubuhi. Angalia jumla ya wiki. Ikishuka, lala kabla ya shifti, usiendeshe nduthi ukitoka, na umwambie supavaiza mapema. Binamu yangu alienda na namba za wiki tatu kwa simu. Bado anangoja rosta mpya.