Fahamu: Vipengele sita vinavyojenga hadithi ya kubuni

Mtahini wa fasihi hatosheki na muhtasari. Anataka ueleze hadithi imejengwaje. Tutazame kisiwa cha Remba, kaunti ya Homa Bay, na *The Promised Land*, riwaya ya Grace Ogot iliyotoka mwaka 1966.

Mandhari ni mahali, wakati na hali ya maisha. Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Victoria, kilichosongamana nyumba za mabati. Hadithi ikiwekwa hapo, siri haikai.

Wahusika hujulikana kwa maneno na matendo yao. Katika riwaya ya Ogot, Ochola anatamani kuhamia Tanganyika kutafuta mali. Mkewe, Nyapol, anasita.

Mgogoro huzaliwa hapo: kwanza ndani ya ndoa, kisha na jirani mganga mwenye wivu.

Msuko hufunga matukio kwa sababu na matokeo. "Boti ilirudi, mvuvi akahama" ni matukio mawili tu. "Boti ilirudi bila mbuta, mvuvi akahama usiku kukwepa deni" ni msuko.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza husema aliyoyaona na kuyasikia; wa nafsi ya tatu maizi huingia mioyoni mwa wote.

Dhamira ni wazo kuu. Kwa Ogot, mojawapo ni gharama ya kuacha kwenu kwa tamaa ya mali.

Mwanafunzi, usitaje kipengele na kukiacha hapo. Onyesha tukio linalokithibitisha, kisha eleza kinavyoijenga dhamira.