Elimu Jumuishi Si Kozi ya Watu Wengine

Ukimuuliza mhadhiri wa ualimu kuhusu elimu jumuishi, mara nyingi atakuelekeza kwa "wale wa elimu maalumu". Jibu hilo limeota mizizi vyuoni. Mwanachuo wa ualimu wa Hisabati au Jiografia humaliza shahada akiamini kuwa mwanafunzi mwenye ulemavu atashughulikiwa na mwenzake aliyepitia Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Kisha hupangiwa shule ya kata, na huyo mwenzake hayupo. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa wa shule ya kawaida. Ni mwanafunzi wa mwalimu yeyote atakayeingia darasani.

Sura hii inahusu ulemavu, jinsia na lugha. Naanza na ulemavu, kwa mfano wa mwanafunzi mwenye ualbino.

Ushirikina uliosababisha watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, hauhitaji kujadiliwa kwa upole. Ualbino hutokana na jeni ambazo mtoto hurithi, kwa kawaida kutoka kwa wazazi wote wawili. Hilo wanachuo wengi wanalijua, na hatari ya jua na haja ya kofia wanazijua pia. Wasichokijua ni macho.

Melanini ikipungua mtoto angali tumboni, sehemu ya katikati ya retina, ile tunayosomea herufi ndogo, haikomai ipasavyo. Neva za kutoka machoni kwenda kwenye ubongo nazo hujipanga tofauti. Ndiyo maana macho huchezacheza, na ndiyo maana miwani haimalizi tatizo: hurekebisha namna mwanga unavyokusanyika jichoni, lakini haiwezi kuikomaza retina.

Sasa angalia yanayotendeka darasani. Mwanafunzi anasogeza daftari hadi karibu liguse pua, mwalimu anamkaripia kwamba ataharibu macho. Hayaharibiki, kulisogeza ndiko kunakomkuzia maandishi. Wengine humpeleka kwenye nukta nundu, ilhali wengi wenye ualbino wanasoma maandishi ya kawaida yakikuzwa, na Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Wengine humkalisha mbele na kuona wajibu umekwisha. Mbele wapi? Akielekea dirisha lenye jua, mng'aro unamfunga macho, na hata asipoelekea dirisha, sehemu ndogondogo zilizoandikwa kwa chaki huenda asizione.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mwalimu asiseme "hii ukiitoa hapa unapata hii" huku akionyesha kwa kidole. Ataje namba zenyewe, kila anapoandika. Ampe mwanafunzi nakala ya kushika mkononi, amruhusu kusogea ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, na amwongezee muda wa mtihani. Aliyekaa nyuma kabisa mwenye macho mazima atafaidika na kule kutajwa kwa namba.

Badala ya hayo, vyuo vinatumia vipindi vizima kuwagawa wanafunzi kuwa wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti uliokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa kufuata mafungu hayo kunasaidia. Nadharia hiyo iondolewe kwenye mitaala, na muda wake upewe uoni hafifu.

Kuhusu jinsia, waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2021 uliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Mwanachuo afundishwe kumpokea msichana huyo bila mahubiri. Kuhusu lugha, anayeingia kidato cha kwanza akitoka shule ya Kiswahili asidhaniwe mzito kwa sababu tu Kiingereza kinamkwama.

Na mwenye ulemavu asionekane vyuoni kama mada tu. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Wanachuo wa ualimu wanahitaji wakufunzi kama yeye.

Pa kuanzia ni mazoezi ya kufundisha. Msimamizi anapokaa nyuma ya darasa na fomu yake, asome safu ya shughuli za mwanafunzi katika andalio la somo. Ikiwa imeandikwa tu "kunakili kutoka ubaoni", aulize nani hawezi kunakili na amepangiwa nini. Mwanachuo akikosa jibu, apunguziwe alama kama angepunguziwa kwa kukosea kanuni.