Tujifunze Kijapani (4): Mambo yanapobadilika

Wiki iliyopita tuliona kwamba atsui, yaani joto, likikutana na kitenzi naru hugeuka atsuku naru: kuwa joto. Leo tuongeze vielezi vinavyoeleza mwendo wa badiliko lenyewe.

Dandan huandikwa kwa herufi ya ngazi iliyorudiwa mara mbili, kwa hiyo aliyezoea "hatua kwa hatua" hapati taabu. Kaskazi ikishashika, mkazi wa Mapinga anaweza kusema: Dandan atsuku natte kimashita, joto limepanda kidogo kidogo hadi kufikia hapa. Kitenzi cha kuja, kuru, ndicho kinacholeta badiliko mpaka kwa msemaji. Akiitazama Januari iliyo mbele, atatumia cha kwenda: natte ikimasu.

Dondon ni kasi isiyo na breki. Kando ya barabara ya Bagamoyo, palipokuwa na mikorosho sasa pana bikoni za viwanja, matofali na mabati: Mapinga de wa ie ga dondon tatte imasu, nyumba zinaota moja baada ya nyingine. Ukiweka dandan hapo, umeipunguzia Mapinga mbio zake.

Masumasu kina sharti: jambo liwe lilishaanza. Bei ya kiwanja iliyokuwa juu ikipanda tena, sema masumasu takaku narimashita.

Jojo ni na shidai ni ni vya maandishi zaidi. Anayeandika jinsi mikoko ilivyoziba bandari ya kale ya Kaole atachagua shidai ni, na atakuwa amechagua vizuri.

Sasa mtego. Neno letu "polepole" hutuponza, maana tunalitumia kila mahali. Kula polepole, bila haraka, ni yukkuri. Kula kidogo kidogo ni sukoshi zutsu. Hiyo zutsu hufanya kazi tunayoifanya sisi kwa kurudia neno, kwani "mbili mbili" ni futatsu zutsu. Dandan haiamriki: dandan tabete kudasai Mjapani hasemi, kwa sababu kielezi hiki ni cha mtu anayetazama jambo likigeuka. Lakini mwenyeji akikuambia dondon tabete kudasai, usidhani anakuharakisha. Anakukaribisha ule bila haya, uongeze na sahani ya pili.

Kabla ya wiki ijayo, andika sentensi tano kuhusu mtaa wako unavyobadilika, na dandan usiitumie zaidi ya mara moja.