Mchungaji Aliyekariri Anga

Mei 1986, huko New South Wales, Australia, Mchungaji Robert Evans alielekeza darubini yake kwenye galaksi NGC 5128, akaona nukta ambayo haikuwapo kabla. Hakuhitaji ramani kuishtukia.

Hapo ndipo habari hii iliponinasa. Evans alikuwa amekariri sura za mamia ya galaksi, pamoja na nyota zilizo kando yake. Kama hafidhi anayesikia mwanafunzi akikosea irabu moja, nukta moja ya ziada ilitosha kumsimamisha. Kwa njia hiyo aligundua supanova, yaani milipuko ya nyota, zaidi ya 40, kwa jicho lake tu darubinini. Mwandishi Bill Bryson alipomtembelea, mzee alijishusha: hicho ni kipaji tu, mengine hayawezi, hata majina hayakumbuki vizuri. Ila alieleza raha yake: nuru isafiri mamilioni ya miaka, na wakati uleule inapotua duniani, pawe na mtu anayetazama kipande kilekile cha anga. Tukio kubwa hivyo, kwake yeye, lilistahili shahidi.

Galaksi yenyewe huonekana angani jirani na kundi la nyota la Salibu, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 12. Galaksi za duaradufu huwa na nyota kongwe na vumbi haba. Hii huhesabiwa miongoni mwao, lakini imejifunga mkanda mweusi wa vumbi kiunoni, masalia ya galaksi nyingine iliyomezwa nayo. Supanova ya Evans, SN 1986G, ilitokea humo mkandani, nuru yake ikatufikia imefifia na kuwa nyekundu.

Lakini vumbi halikueleza yote. Hata lilipoondolewa kwenye hesabu, mlipuko huo ulibaki hafifu kuliko wenzake wa aina yake, tena ulizimika upesi. Mwaka 1993 mwanaastronomia Mark Phillips aliupanga pamoja na mingine michache, akaonyesha kwamba inayozimika upesi huwa hafifu hata kileleni mwa mng'ao wake. Wanaopima umbali wa galaksi za mbali wanautegemea uhusiano huo hadi leo.

Evans alifariki mwaka 2022. Siku hizi wanaokesha ni darubini zinazojiendesha, nazo hunasa milipuko kwa maelfu. Lakini swali la mlipuko wa 1986 bado halijaisha. Supanova za aina hiyo ni nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokufa, zinazolipuka: je, nyota hiyo ilikuwa ikimnyonya jirani yake kidogo kidogo, au vibete viwili viligongana? Na kwa nini vingine hulipuka kwa unyonge? Wataalamu bado wanabishana.